Mama ana AML (saratani ya damu), uboho umeonekana safi, sasa daktari anataka aanze vidonge vya metenensi, vya kuzuia isirudi. Kuna aliyepitia?

binti_wa_Pongwe

Habari za saa hizi wapendwa, naombeni mnivumilie maelezo ni marefu, hili jambo niko nalo wiki nzima silali vizuri.

Mama yangu ana miaka 62. Mwaka jana mwezi wa nane alianza kuchokachoka, akipiga mswaki fizi zinatoka damu, miguuni vidoa vyekundu kama kaumwa na utitiri, sisi tukajua malaria maana homa ilikuwepo, akatibiwa malaria mara mbili, mara ya tatu ndo daktari mmoja kijana akaangalia majibu ya FBP, kile kipimo cha damu, akasema huyu mama asirudi nyumbani apelekwe hospitali kubwa leo leo. Ikaja kuonekana ni saratani ya damu, ile AML. Familia tukachangishana, kiwanja cha marehemu baba kikauzwa, akaenda India na kaka.

Huko akapigwa kemo ya siku 7, sitarabini siku zote saba na daunorubisini siku 3 za mwanzo. Wakampima uboho wakasema seli changa za saratani ziko chini ya asilimia 5 na damu imepanda, hiyo ndo rimisheni. Akapewa raundi mbili za sitarabini ya dozi kubwa, ya tatu wakaghairi maana alipata fangasi kwenye mapafu, akalala ICU siku 9. Upandikizaji wa uboho wakasema kwa mapafu yale hawamshauri.

Karudi mwezi wa pili huu. Jamani ukimuona hutaamini. Nywele zimeota laini kama za mtoto mchanga, asubuhi anakaa barazani na ungo wake anachambua mchele, anaimba. Sasa juzi kaka kaongea na daktari wa India kwa simu anasema mama aanze vidonge vya azasitidini, siku 14 anakunywa siku 14 anapumzika, kisha anarudia, na hakutaja mwisho. Bei yake nilipoambiwa nilikaa chini. Akasema kama tunashindwa kuna azasitidini ya sindano, hiyo ni nafuu na hata huku inapatikana.

Mama nilipomwambia akaweka ungo chini akaniangalia, akasema "Mwanangu kama nimepona, dawa ya nini? Na kama sijapona mbona mlinipigia vigelegele pale airport?" Nikakosa jibu. Mpaka leo sijamjibu.

Kwaiyo naomba kujua, hii metenensi ni lazima kweli au ni biashara? Sindano na vidonge si dawa moja, kwa nini tusichukue ya bei rahisi? Na kuna mtu hapa ameishi na hivi vidonge anieleze vinakuwaje? Asanteni.

---

mama_Abdul88

Pole sana mdogo wangu. Mie mwanangu alipata saratani ya damu akiwa na miaka 5, baada ya kemo akaendelea na vidonge nyumbani miaka miwili na nusu hivi, 6-MP kila siku na methotreksati mara moja kwa wiki, leo yuko darasa la sita anacheza mpira. Kwaiyo metenensi ni kweli ipo na inasaidia. Ila hizo 6-MP si ghali kiasi hicho, muulizeni daktari kwa nini anawapa ya bei kubwa, isije ikawa mnapigwa.

---

nesi_wa_wodi_ya_damu

Mama Abdul hongera sana kwa kijana, nimefurahi kusoma. Ila naomba nirekebishe hapo kabla dada hajaenda duka la dawa kuulizia 6-MP. Mwanao bila shaka alikuwa na ALL, ndo saratani ya damu ya watoto wengi, na kwenye ALL hiyo metenensi ya miaka miwili na zaidi ni sehemu ya tiba yenyewe, ukiikata katikati mtoto yuko hatarini. AML ni ugonjwa mwingine, inatoka kwenye ukoo mwingine wa seli na dawa zake ni nyingine. 6-MP na methotreksati havitamfanyia mama wa dada kazi hiyo. Majina yanafanana na yanachanganya watu kila siku, hata wodini ndugu wanapeana ushauri kitanda kwa kitanda, huyu ALL huyu AML.

Sasa binti wa Pongwe, nianze na swali la mama yako, maana ndo swali kubwa kuliko yote uliyoandika, na kajibu lake kapo.

Umewahi kulima mahali penye ndago? Unapalilia, shamba linabaki jeupe kabisa, mtu akipita barabarani anasema hapa pasafi. Lakini chini kuna vile vikokwa vidogo vyeusi, jembe halikuvigusa, mvua ikija unaona majani yanachomoza tena. Rimisheni ndo shamba lililopaliliwa. Si uongo, mlipopiga vigelegele mlikuwa na haki, maana mama alifika India akiwa na seli za saratani ambazo kwa ugonjwa huu zinaweza kukaribia trilioni moja mwilini, na kemo imezifagia. Ila darubini ikisema "chini ya asilimia 5" bado inawezekana zimebaki hata bilioni nzima zimejificha kwenye uboho na hakuna dalili yoyote, mama anaimba na anachambua mchele. Kwa watu wengi wa umri wake, asipofanyiwa chochote zaidi, ugonjwa unarudi, na ukirudi unakuwa mgumu kuliko mara ya kwanza. Upandikizaji wa uboho ndo silaha kubwa ya kuvifuata vile vikokwa, kwa sababu kinga ya mtu mwingine inaingia na kuzisaka zile seli. Mama hawezi upandikizaji. Ndo hapo vidonge vinapoingia.

Kuhusu kama ni biashara. Nikueleze wazi, zamani hata sisi tulifundishwa kwamba AML haina metenensi. Watu walijaribu miaka mingi, kemo ndogo ndogo, sindano za kuamsha kinga, ukipima unakuta ugonjwa labda umechelewa kidogo kurudi lakini watu hawaishi zaidi. Kwaiyo ukikutana na daktari mtu mzima akakwambia "AML hatuna metenensi" usimuone hajui, ndivyo ilivyokuwa kweli. Kilichobadilika ni utafiti mmoja unaitwa QUAZAR, matokeo yake yakatoka mwaka 2020. Walichukua watu 472 wa miaka 55 na kuendelea, wote wametoka kwenye kemo nzito, wako kwenye rimisheni, na hawaendi kupandikizwa, yaani kama mama yako kabisa. Wengine wakapewa azasitidini ya vidonge na wengine vidonge visivyo na dawa. Waliokuwa kwenye vidonge vitupu nusu yao walikuwa wamefariki ilipofika miezi 14.8, wa dawa nusu hiyo ikafika miezi 24.7. Ukiangalia baada ya miaka miwili, kwenye dawa walikuwa hai kama 51 kwa kila 100, upande wa pili 37. Marekani wakaipitisha Septemba mwaka huo huo, Ulaya ikafuata 2021, jina lake la dukani Onureg.

Ona namba zenyewe dada, usiziongeze na usizipunguze. Dawa hii inanunua muda, kwa wengine muda mrefu, lakini hakuna mtu mkweli atakayekuahidi kwamba mama akinywa haitarudi. Na hiyo 24.7 si tarehe ya mama, wapo waliopita hapo mbali na wapo ambao hawakufika.

Sindano sasa. Hapa watu wengi wanaumia. Ni azasitidini ile ile lakini haibadilishani na vidonge. Ya kidonge tumboni inaingia kwenye damu kidogo sana, kama asilimia 11 tu, ndo maana dozi yake ni miligramu 300 na inanyweka siku nyingi, kazi yake ni kukaa mwilini kidogo kidogo kwa muda mrefu. Ya sindano inaingia kwa kishindo siku 5 au 7 halafu inaondoka. Kwenye metenensi sindano ilijaribiwa Uholanzi na majirani zao, utafiti wa HOVON 97, watu 116 wa miaka 60 na zaidi. Baada ya mwaka mmoja, ambao ugonjwa ulikuwa haujarudi na wako hai ni 64 kwa 100 kwa waliochomwa, na 42 kwa ambao hawakuchomwa, kwaiyo inachelewesha. Lakini kuishi kwa jumla haikuonekana tofauti ya maana. Na utafiti ulikuwa mdogo. Kwaiyo sindano si upuuzi, kama vidonge haviwezekani kabisa daktari anaweza kuichagua akijua anachofanya, ila isiwe mmeamua nyinyi nyumbani kwa sababu jina ni moja. Na nakuomba sana, asitokee mtu akawaambia chukueni unga wa sindano mnywe kwa maji. Nimeshamsikia mtu akiuliza hilo, na alikuwa mtu anayempenda mgonjwa wake.

Kitu cha kuuliza India wiki hii kabla ya kulipa hata shilingi: majibu ya jeni ya mwanzoni yalisemaje. Kama ana mabadiliko ya jeni ya FLT3 kuna dawa nyingine ya njia yake. Kama ana yale ya jeni ya NPM1, kuna kipimo cha PCR kinaweza kuona mabaki madogo sana, kwenye damu au uboho, huko ambako darubini haifiki. Hata bila NPM1 kuna kipimo cha mabaki kinachoweza kuona seli 1 kati ya 10,000 hivi. Hayo majibu kaka yako anayo kwenye faili, atafute karatasi yenye herufi na namba nyingi ambayo hakuna aliyewasomea.

---

Babu_wa_Maskati

Assalaam alaykum. Bibie pole, na mama mpe salamu zangu, mwambie kuna babu Mngazija kalelewa Unguja anaishi Maskati anamuelewa khasa, maana na mie niliuliza swali hilo hilo. Mie niliambiwa rimisheni nikachinja mbuzi. Baada ya wiki mbili naletewa boksi la vidonge.

Nimevinywa mwaka wa tatu huu. Nilianza nina miaka 66. Nesi hapo juu kaeleza elimu, mie nikwambie ya nyumbani.

Mizunguko miwili ya mwanzo ndo kazi. Kichefuchefu kile si kama cha kemo ya hospitali, kile kinakuja kama mtu aliyepanda jahazi siku ya kusi, si kwamba unatapika muda wote, lakini chakula hukitaki, harufu ya vitunguu vikikaangwa unatoka nje. Dawa yake ni ondansetroni, unainywa nusu saa KABLA ya kidonge, si baada ya kuanza kutapika, ukingoja utapike umeshachelewa. Mie nikahamishia usiku, nakula kidogo magharibi, baada ya isha ondansetroni, nusu saa kidonge, nalala. Kwa hivyo ubaya wake mwingi unapita nimelala. Baada ya mwezi wa tatu mwili ukazoea, sasa wakati mwingine hata ondansetroni siinywi.

Ukitapika baada ya kumeza, usimeze kingine siku ile. Mke wangu usiku mmoja alitaka kunipa cha pili kwa huruma nikamkatalia. Unasubiri kesho wakati wako ule ule. Na kidonge kinamezwa kizima, hakikatwi, hakisagwi, hakichanganywi na uji. Kikae kwenye paketi yake mpaka saa ya kumeza, usikihamishie kwenye kikopo. Na wewe unayempa usikishike mkono mtupu, hii ni dawa ya saratani, vaa glavu au mwenyewe akitoe kwenye paketi, halafu mnanawa. Wajukuu wasifike hapo.

Tumbo nalo, kuharisha kupo, na ondansetroni inafunga choo, kwa hivyo siku hivi siku vile, mwambie daktari mapema kuna vidonge vya kuzuia kuharisha. Maji anywe.

Ramadhani mwaka wa kwanza ilinikuta katikati ya siku zangu 14. Nikataka nifunge ninywe baada ya futari. Damu yangu ilikuwa chini na nilikuwa naharisha, daktari akakataa, nikamuuliza sheikh wetu akaniambia mgonjwa Mwenyezi Mungu kampa ruhusa, wewe ni nani wa kuirudisha. Nikalisha masikini. Nakwambia hili kwa sababu wazee wetu hili linawauma kuliko kutapika, na mnaweza msijue kwamba linamuuma.

Na joto. Nyuzi 38 usiku wa manane unatoka nyumbani usiku wa manane. Si panadoli tulale tuone asubuhi. Nunueni kipimajoto kizuri.

---

nesi_wa_wodi_ya_damu

Babu umeandika yote niliyosahau. Naongeza moja tu, damu inapimwa kila baada ya wiki mbili kwa mizunguko miwili ya mwanzo, baadaye kila mwezi kabla ya kuanza mzunguko, na wakilazimika kupunguza dozi mnarudi kwenye wiki mbili mbili kwa muda. Hicho kipimo ni FBP hii hii ya kawaida, Tanga inafanyika, msisafiri kwa ajili yake. Mpigie picha karatasi muitume kwa daktari kabla hajameza kidonge cha kwanza cha mwezi. Chembe nyeupe za kupambana zikishuka sana wanasimamisha mpaka zipande.

---

Nyar_Minnesota

Niaje watu wetu. Mimi ni Mkenya niko Minnesota, nimesoma hii thread yote nikiwa kazini nikalia kwa choo. Wacha niseme yangu kwa sababu nesi ametaja FLT3 na hapo ndipo sisi tuko.

Mzee wangu, yaani bwana yangu, alipatikana na AML akiwa na miaka 47, yake iko na FLT3-ITD, hiyo ni mabadiliko kwa jeni inafanya zile seli zikimbie mbio sana. Yeye walimpa kwizatinibu pamoja na kemo kutoka mwanzo halafu baada ya rimisheni akaendelea nayo peke yake, inaweza kwenda hadi mizunguko 36. Ilipitishwa hapa July 2023. Kwa utafiti wao, wale walikuwa kwa hiyo dawa nusu yao walifika miezi 31.9 wakiwa hai, wale wengine 15.1, daktari alituchorea kwa karatasi na hiyo karatasi iko kwa fridge hadi wa leo. Zamani kidogo kulikuwa na midostaurini, ya 2017. Kwa hivyo dada kama mama ako na FLT3 story inabadilika kabisa, uliza.

Lakini chenye nilitaka kusema ni hiki. Kwizatinibu inaguza moyo, ile mapigo ya umeme kwa ECG, kile kipimo cha moyo, inaweza kurefuka na mtu anaweza anguka tu hivyo. Kila saa wanampima ECG, wanaangalia potasiamu na magnesiamu. December tulikuja nyumbani Kisumu kuona mama yake, siku ya sita akapata homa. Nyumba nzima wakasema ni malaria, hata mimi nilijua ni malaria, shemeji akaenda kwa duka la dawa akarudi na ALu, na kwa mfuko akawekewa na antibayotiki ya kifua juu. Mama mkwe ameshaleta maji. Mzee wangu ameshika vile vidonge kwa kiganja, na mimi nikakumbuka famasia wa huku alituambia kabla tusafiri, dawa zingine za malaria zinarefusha hiyo mapigo vile vile, ALu ikiwa moja yao, na antibayotiki zingine pia, na zile dawa za fangasi kama vorikonazoli zinafanya kwizatinibu ijae kwa damu hadi dozi ipunguzwe. Nilimshika mkono. Mama mkwe alikasirika, akasema nimekuwa Mzungu nataka mtoto wake afe na malaria. Tukaenda hospitali hiyo usiku, wakapima malaria hakuna, ilikuwa infekshoni kwa ile laini ya kifua, ule mpira wa kupitishia dawa, akapewa dawa kwa mshipa wakiangalia ECG, baada ya siku tano tukarudi home.

Sisemi malaria isitibiwe, malaria inaua. Nasema mgonjwa wa hizi dawa apimwe kwanza na daktari aambiwe yuko kwa dawa gani. Mimi sasa niko na kadi ndogo kwa pochi yake, jina la dawa, dozi, namba ya daktari. Mfanyie mama kadi hata kama ni azasitidini, kwa sababu siku ya homa utakuwa umechanganyikiwa na wewe.

---

kaka_mkubwa_Kagera

Nimefikiria sana kama niandike au niache. Naandika kwa sababu wote mliotangulia mmeongelea waliokunywa na wakaendelea.

Mzee wetu alikuwa na 74. Alipata rimisheni vizuri, akaanza vidonge hivyo hivyo. Mzunguko wa pili chembe nyeupe zikashuka, wakasimamisha, akarudia, zikashuka tena. Kila kupima damu na kumuona daktari ni safari, kutoka kijijini kwetu mpaka tulipokuwa tunatibiwa ni siku nzima kwenye basi, na mzee mgongo ulikuwa unamuuma. Mzunguko wa tatu akasema basi. Hakusema kwa hasira. Tulikuwa tumekaa kwenye kibanda cha kahawa anakausha buni, akasema "mmenipa hizi siku ili nizitumie, sasa nazitumia kwenye basi". Sisi watoto tulimbembeleza, mdogo wangu wa kike alipiga magoti. Akakataa.

Ugonjwa ulirudi baada ya miezi minane. Hiyo miezi minane alipanda migomba mipya, akagawa mashamba akiwa na akili zake, akamuozesha mjukuu. Alipofika mwisho tulikuwa na morfini ya maji nyumbani na nesi wa jirani anakuja, hakuteseka kama nilivyoogopa.

Sijui kama vidonge vingempa zaidi. Najua namba za nesi ni za kweli na kama ni mimi labda ningekunywa. Ila binti wa Pongwe, mama yako kakuuliza swali na wewe umekuja kutuuliza sisi. Mrudie yeye. Kaa naye mwambie yote, na namba hizo mwambie, ni mtu mzima, kalea watoto, kazika mume. Aamue akijua.

---

nesi_wa_wodi_ya_damu

Kaka pole sana kwa mzee. Nimesoma mara mbili.

Nasema hili kwa ajili ya wanaosoma na si kukurudisha nyuma: chembe zikishuka hivyo kuna hatua katikati kabla ya kuacha kabisa, dozi inashushwa kutoka 300 kwenda 200, au siku 14 zinakuwa 7. Wapo wanaokaa vizuri hapo muda mrefu. Na mtu akichagua kutokunywa bado ni mgonjwa wetu, anapimwa, anatibiwa homa, anaongezewa damu, anapewa morfini ikifika wakati wake. Mzee wako alichagua na mkamheshimu, hilo nalo ni kumtunza.

---

binti_wa_Pongwe

Nimekaa kimya siku nane naomba radhi, nilikuwa nasoma kila mlichoandika namsomea na mama.

Kaka wa Kagera, nilifanya ulivyosema. Nilimsubiri mpaka wageni wameondoka nikakaa naye barazani, nikamwambia mama, hujapona kwa ile maana tuliyodhani, umesafishwa, na vigelegele vilikuwa vya kweli. Nikamwambia habari ya ndago. Jamani mama yangu kalima Pongwe miaka thelathini, hata sikumaliza akasema "kumbe ndago, sasa si ungesema hivyo tangu mwanzo". Nikamsomea namba zote, na 37 na 51, na habari ya mzee wa Kagera mpaka mwisho. Nilipofika kwenye migomba alinyamaza muda mrefu.

Karatasi ya jeni kaka kaipata, FLT3 hana, NPM1 anayo. Tumeongea na daktari kwa video, mama mwenyewe kaongea, kamuuliza kama akitapika sana anaruhusiwa kuacha. Daktari akasema tunaanza na mizunguko mitatu, damu ya PCR inatumwa kila baada ya miezi mitatu, tunaangalia damu na tunamuangalia yeye. Akasema pia kama ni sindano atatuandikia lakini kwa mama angependelea vidonge kwa sababu zile zile alizoandika nesi. Hela ya mizunguko mitatu imepatikana kwa shida, ya nne bado hatujui, tunauliza pia kama kampuni ina mpango wa kusaidia wagonjwa.

Mama kasema atajaribu. Masharti yake mawili, tusimfiche majibu yoyote, na siku akisema basi iwe basi.

Kaanza jana. Kalenda ile ya picha za kanga tumeibandika ukutani jikoni, siku 14 kazizungushia mwenyewe kalamu nyekundu. Joto 36.6. Ondansetroni saa 3 usiku, saa 3 na nusu akakitoa kidonge kwenye paketi mwenyewe mimi nimesimama na glavu kama daktari wa upasuaji, akasoma bismillah akameza. Saa 6 nikaenda kumchungulia, kalala. Hajatapika.

Babu wa Maskati, mama anakusalimia, anauliza ile harufu ya vitunguu iliisha au mpaka leo unatoka nje?

---

Babu_wa_Maskati

Alhamdulillah. Mwambie iliisha mwezi wa nne. Mpaka hapo mpikieni cha nazi, vitunguu mvikaangie uani.